Paa Huanza Kung'oka Pembeni

Rashi ya dhahabu ikishika mahali, iwe Nyarugusu ya Geita, Mgusu au pori ambalo jana lilikuwa la wachunga ng'ombe tu, muuza nailoni hachelewi kufika. Rola lake jeusi hukaa mbele ya meza, na mteja hukatiwa mita anazozimudu. Jioni hiyo hiyo mirunda minne imeshachimbiwa, fito zimepita juu, nailoni imetandazwa na watu watano wana pa kulala. Kuta ni viroba vilivyochanwa na kushonwa pamoja. Kitanda kitasubiri; duara, yaani shimo la mchimbaji, halisubiri.

Ukilitazama paa hilo kwa karibu, utaona ufundi ambao hakuna chuo kinachoufundisha. Msumari ukipigwa moja kwa moja kwenye nailoni, upepo wa kwanza utaichana kuanzia kwenye lile tundu, kwa hiyo msumari hupitishwa kwanza kwenye kisoda cha chupa, upande wenye meno ukitazama chini. Kisoda husambaza mkazo, nailoni haichaniki. Kwenye pembe ambako kamba lazima ifungwe, kokoto huviringishwa ndani ya nailoni na kamba ikakaba shingo ya kile kifundo. Hakuna tundu lililotobolewa, na kadiri upepo unavyovuta ndivyo kifundo kinavyokaza. Hata rangi ina sababu zake. Nailoni nyeusi imechanganywa na masizi yanayozuia miale ya jua, ndiyo maana huishi kuliko ile nyeupe inayopitisha mwanga, ambayo jua la Septemba huifanya ikauke na kukatika kama maganda ya kitunguu.

Kisoda na kokoto vimebeba kanuni moja inayofuatwa na kila paa la ukanda huu, kutoka kambi za Geita hadi mitaa ya Kahama na Shinyanga mjini: fedha huenda kwenye kile kinachotandazwa, lakini uhai wa paa umo kwenye kingo zake, mahali kinapoishia, kinapopandana na kinapofungwa. Anayenunua bati la bei kubwa na kubania misumari amefanya hesabu kinyume.

Kabla ya vyote hivi kulikuwa na nyasi. Msonge wa Kisukuma, duara la miti lenye paa la nyasi linaloshuka karibu na ardhi, ulikuwa jengo lililolijua jua la hapa. Ndani kulikuwa na ubaridi mchana, na upepo haukupata ukingo mrefu wa kushika, kwa kuwa duara halina pembe. Moshi wa jikoni ulipanda taratibu kupitia nyasi, ukafukuza wadudu na kuzikausha. Moshi huo ulikuwa na madhara yake pia. Vikongwe waliopika miaka mingi kwa kuni na samadi chini ya paa lisilo na dirisha walibaki na macho mekundu, na katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza macho hayo yakageuzwa ushahidi wa uchawi. Wanawake wazee wengi waliuawa kwa sababu hiyo. Historia ya paa katika Usukuma haiwezi kusimuliwa bila kuwataja.

Bati liliingia taratibu, kwanza kwenye maduka, misheni na ofisi za serikali. Lenyewe lilikuwa na umri wa miongo mingi wakati huo: Henry Robinson Palmer, mhandisi wa London, alipata hataza ya karatasi ya chuma iliyokunjwa migongo mwaka 1829, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata ya kwake ya kukipaka chuma zinki ili kisishike kutu. Mgongo ndio uvumbuzi wenyewe. Karatasi bapa ya unene ule ule hulegea ikishikwa ncha mbili. Ikikunjwa migongo, fundi hutembea juu yake. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928 na kupita Shinyanga, ilirahisisha usafirishaji, na pamba ikaleta fedha. Chama Kikuu cha Victoria, muungano wa vyama vya wakulima ambao Paul Bomani alikuwa mmoja wa waasisi wake, kilisimama mwaka 1955. Mkulima aliyevuna vizuri msimu huo na iliyofuata alikuwa na orodha fupi ya manunuzi, na bati halikukosekana. Mwaka 1960 kiwanda cha Aluminium Africa, ambacho leo kila fundi hukiita ALAF, kilianzishwa Dar es Salaam.

Koili za chuma ndizo viwanda vya namna hii vinazozikunjua. Karatasi ya futi kumi inayopakuliwa kwenye lori mjini Katoro ilikuwa sehemu ya rola zito la bamba bapa, likapitishwa katikati ya magurudumu yanayolikunja migongo, kisha likakatwa kwa urefu. Migongo midogo, migongo mikubwa, msauzi wenye umbo la vigae: yote hutoka kwenye rola la namna moja, tofauti ni magurudumu. Tofauti ya maana zaidi haionekani kwa macho. Ni geji, na geji huwachanganya wanunuzi kwa sababu inahesabiwa kinyume: namba ikipanda, bati linapungua unene. Geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Mtu anayedhani ameuziwa bati bora kwa kuwa namba ni kubwa atalijua kosa lake siku embe litakapoanguka juu yake.

Mwaka 1977, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba wananchi wametekwa na mazoea ya saruji na bati kiasi cha akili kupooza, ilhali tofali za kuchoma na vigae vingeweza kutengenezwa kijijini. Kama hoja ya kujitegemea ilikuwa na uzito. Kwa Shinyanga ilikuwa na tundu. Tofali na vigae huchomwa kwa kuni, na mkoa huo ulikuwa umefyeka miti yake kwa ajili ya kupambana na mbung'o, kwa mashamba ya pamba na kwa kuni za nyumbani, hadi mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kurudisha uoto kupitia ngitili, maeneo ya malisho yanayotengwa kwa desturi ya Kisukuma. Isitoshe, kigae ni kizito. Paa la vigae laweza kuzidi kilo 40 kwa mita ya mraba, na uzito huo hudai kenchi za mbao nene. Bati jembamba halifiki kilo tatu, linaridhika na papi za inchi mbili kwa mbili. Mtu asiye na mbao nene alichagua bati, na akili yake haikuwa imepooza hata kidogo.

Wepesi huo huo ndio udhaifu.

Usiku wa Machi 3, 2015 mvua ya mawe iliyoandamana na upepo mkali ilikipiga kijiji cha Mwakata, Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama. Taarifa za mwanzo zilitaja watu 38 waliokufa. Hesabu ikapanda kupita 40. Wengi waliangukiwa na nyumba zao za udongo wakiwa wamelala.

Kuta za tofali mbichi husimama kwa vitu viwili: ukavu wao, na paa linalozishika pamoja kwa juu. Paa likiondoka, vyote viwili vinaondoka kwa mkupuo. Mvua inaingia kwenye kichwa cha ukuta, udongo unalainika, na ukuta ambao sasa hauna cha kuuegemeza unasukumwa na upepo ule ule uliochukua paa. Kwa hiyo kwenye nyumba ya udongo, kufunga paa ni sehemu ya kujenga ukuta.

Upepo haufanyi kazi kama watu wengi wanavyodhani, yaani kusukuma. Unapopanda juu ya paa na kulazimika kwenda kasi, huacha mvuto unaolinyonya paa kwenda juu. Wakati huo huo upepo uliopenya dirishani au mlangoni hulisukuma kutoka ndani. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unaweza kuvuta takriban kilo 45 kwa kila mita ya mraba, na kwenye kingo na pembe za paa nguvu hiyo hupita hapo kwa mbali. Bati moja la futi kumi lina zaidi ya mita mbili za mraba. Basi karatasi ambayo mtoto wa darasa la saba anaweza kuibeba kichwani, kwa dakika chache za dhoruba huvutwa juu kwa nguvu ya karibu mifuko miwili ya saruji. Kinachoizuia ni misumari.

Ndipo fundi mzuri na fundi wa haraka wanapoachana. Fundi mzuri huanza kupaua kutoka upande ambao upepo hauji, ili kila bati linalofuata lilifunike la awali na mdomo wa mpandano uupe upepo mgongo. Ubavuni hupandanisha mgongo mmoja na nusu au miwili. Bati la juu hulishukia la chini kwa sentimita 15 au zaidi, na mteremko ukiwa mdogo huongeza. Msumari wa bati, wenye kofia pana na kipande cha mpira chini yake, hupigwa juu ya mgongo, kamwe si bondeni kunakopita maji. Na pembezoni mwa paa, kwenye papi ya kwanza juu ya ukuta na kwenye ile ya mwisho chini ya kofia ya paa, hupiga kila mgongo au huruka mmoja tu, hata kama katikati ameruka miwili. Hapo ndipo bwana mwenye nyumba huuliza kwa nini kilo za misumari zimeisha.

Msumari ukishika, nguvu huhamia papi. Papi ikishika, huhamia kenchi. Kenchi nyingi katika nyumba za vijijini zimekaa juu ya ukuta kwa uzito wao tu, au kwa msumari mmoja uliopigwa kwa mshazari. Dawa yake haigharimu sana: waya mnene au ukanda wa chuma uliozamishwa ndani ya ukuta tofali kadhaa chini ya kilele, ukapanda na kuizunguka kenchi. Lazima uwekwe wakati ukuta unajengwa. Ukisahauliwa, kazi ya saa moja inageuka kuwa ya kubomoa.

Bati lina tabia moja zaidi inayolifanya lipendwe na watu wanaohamahama: linang'olewa. Familia ikihama, mabati hushushwa, hufungwa kamba na kwenda nayo. Kuta huachiwa mvua. Huko Nyamongo, Tarime, ambako nyumba nyingi zilijengwa kwa kutarajia fidia ya mgodi, watu huziita tegesha, na paa lake hupigwa misumari ya kutosha kumridhisha mthamini. Lakini kila bati lililong'olewa hubeba matundu ya zamani, nayo hayalingani na papi mpya. Mafundi wengine huyaziba kwa lami au kwa sabuni ya mche. Lami hudumu, sabuni hudumu mpaka mvua.

Kuna jambo bati husingiziwa bure. Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa sekondari ya Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita, na kila msiba wa aina hiyo huamsha upya imani kwamba bati huvuta radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi zaidi duniani, na nyumba za nyasi hupigwa pia, tena hushika moto. Radi hutafuta kilicho kirefu na njia fupi ya kufika ardhini. Paa la bati lililokaa juu ya mbao na udongo halina njia hiyo, kwa hiyo umeme unaweza kuruka kutoka kwenye bati kwenda kwa kilicho karibu, mtu akiwemo. Paa hilo hilo likiunganishwa kwa ukanda wa shaba hadi kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini, hugeuka kuwa kinga. Hapa tena tatizo liko mahali paa linapoishia.

Ukingo wa chini ndio wenye faida. Paa la mita za mraba 60, katika mwaka wenye mvua ya milimita 700, hupokea lita 42,000, yaani madumu 2,100 ya lita ishirini. Hata robo ikipotea kwa gata mbovu na mvua ya kwanza inayoachwa isafishe vumbi, kinachobaki kinatosha madumu manne kwa siku, mwaka mzima, kama tangi lipo. Miji ya Shinyanga na Kahama ilianza kupata maji ya Ziwa Victoria kwa bomba mwaka 2009. Vijiji vingi vilivyo mbali na bomba hutegemea visima, malambo na paa. Tahadhari moja ni ya maeneo ya dhahabu kama haya. Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili zebaki iruke. Mvuke wake hupoa na kutua karibu, juu ya mapaa pia. Mradi wa kimataifa wa zebaki wa UNIDO, shirika la maendeleo ya viwanda la Umoja wa Mataifa, uliofanya kazi Rwamgasa mkoani Geita katika miaka ya 2000, ulikuta zebaki nyingi katika miili ya wachomaji. Nyumba iliyo jirani na mahali pa kuchomea isivune maji ya kunywa kutoka kwenye bati lake.

Sasa kumeingia mtindo unaorudisha rola juu ya nyumba, safari hii la lami. Mitaa mipya ya Kahama na Geita imeanza kujaa nyumba ambazo paa halionekani: kuta zimepandishwa kulizunguka, bati limelazwa nyuma yake kwa mteremko mdogo, na maji yote hukusanywa kwenye mfereji wa zege uliofichwa ndani ya ukuta. Ukiitazama kutoka barabarani, nyumba ni sanduku safi. Kwa mvua, ni bakuli. Paa la kawaida likivuja ukingoni, tone huanguka uani; paa lililofichwa halina pa kudondoshea nje, tone hutua kwenye dari ya sebule. Kwa mji wenye vumbi la kiasi hiki na mvua zinazokuja kwa fujo, ni mtindo wa watu wenye fedha za kurekebisha, lakini umeshapendwa na hautarudi nyuma kesho.

Mfereji huo ndio unaozibwa kwa rola la lami, yaani karatasi nene ya milimita tatu au nne, kwa kawaida upana wa mita moja na urefu wa mita kumi, upande wa chini ukiwa na ngozi nyembamba ya plastiki inayoyeyuka kwa moto. Kazi yake haipendi haraka. Zege lazima likomae, takriban siku 28, na likauke. Kulipima, kipande cha nailoni hubandikwa juu yake kingo zote zikiwa zimezibwa kwa gundi ya karatasi na kuachwa siku nzima. Kikikutwa na jasho upande wa chini, fundi huenda nyumbani. Unyevu uliofungiwa chini ya lami hugeuka mvuke jua likiwaka, mvuke huinua malengelenge, na malengelenge hupasuka.

Kona ambako sakafu ya mfereji hukutana na ukuta hujazwa kwanza saruji kwa mshazari, kwa sababu karatasi ya lami ikikunjwa kwa pembe kali hupasuka kwenye mkunjo. Lami nyepesi hupakwa kwa brashi, ikauke. Kisha rola hukunjuliwa lote bila moto, linyooshwe mahali pake, likunjwe tena hadi nusu, ndipo mtungi wa gesi uwashwe. Kazi huanzia sehemu ya chini kabisa, kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji, ili kila kipande cha juu kikilalie cha chini. Ubavuni hupandana sentimita 10, kwenye ncha 15. Moto ukiwa wa kutosha, uzi mwembamba wa lami iliyoyeyuka huchungulia kwenye mpandano mzima. Mahali ambapo uzi haukutoka, hapakushika. Karatasi hupanda ukutani sentimita 15 au zaidi na ncha yake huingizwa kwenye mtaro uliochongwa kwenye plasta, kisha hufunikwa. Wanaoiachia ncha hiyo wazi, wakiamini gundi yake, huitwa tena kabla ya masika. Na kama papi na fishabodi ziko karibu, moto wa gesi hautumiki hapo. Hupakwa gundi ya lami ya baridi, kwa kuwa mbao iliyokauka tangu Mei haihitaji kuombwa mara mbili ishike moto.

Mwisho bomba huzibwa, mfereji hujazwa maji na kuachwa siku moja au mbili, huku fundi akipita chini na tochi kuangalia dari. Akikuta doa, hatapanda na kipande kipya cha kubandika katikati. Ataanzia kwenye mdomo wa bomba, aende kwenye mipandano, amalizie kwenye ile ncha ya ukutani.